Bi Jicho na Kitufe cha Kataa

Bi Jicho alikuwa mtu wa kunusa maziwa aliyoyachemsha mwenyewe. Si kwamba yamelala. Ameyachemsha sasa hivi, sufuria bado inafuka, na yeye anayanusa mara mbili, mara ya kwanza kwa ajili ya maziwa, mara ya pili kwa ajili ya aliyemuuzia. Mlango akishaufunga huusukuma, na akifika barabarani hurudi kuusukuma tena. Mumewe alikuwa mlinzi mstaafu, aliyelipwa mshahara miaka thelathini kwa kazi ya kushuku watu, na alipenda kuwaambia wageni kwamba yeye alishuku kwa zamu, lakini mkewe hana zamu wala likizo.

Jina la Jicho hakupewa nyumbani. Alipewa kazini, kwenye jengo la kufulia la hospitali kubwa, nyuma kabisa, kati ya tangi la maji na chumba cha jenereta. Jengo lile lilikuwa na upande mchafu na upande safi, na katikati ukuta wa vigae. Mashine za kufulia zilijengwa ndani ya ukuta wenyewe: wanaume wa upande mchafu walizishindilia mashuka yaliyotoka wodini, wanawake wa upande safi wakayatoa yananukia sabuni. Kutoka hapo yalikwenda kukaushwa, kisha kwa Mama Pasi, mwanamke mnene mwenye kicheko cha karibu, aliyesimamia ile mashine ndefu ya pasi yenye roli. Na kutoka kwa Mama Pasi yalifika mezani kwa Bi Jicho.

Meza yake ilikuwa ya kioo, na taa zimewekwa chini yake. Shuka likitandazwa juu ya kioo kile halifichi kitu. Tundu hata liwe la kichwa cha pini, huwaka. Bi Jicho alilivuta kwa mikono miwili, macho yakatembea kutoka pindo hadi pindo, na likiwa zima alilikunja mara nne na kuliweka rafuni. Likiwa bovu alilifunga fundo pembeni na kulitupa kwenye kapu nyuma yake. Fundo la Bi Jicho halikuwa na rufaa. Shuka lenye fundo lilirudi kwa fundi wa kushona, au likakatwa matambara, na wanaume wa upande mchafu walinuna kwa sababu kila fundo lilikuwa kazi ya pili kwao, lililoshonwa lilirudi kufuliwa upya. Walinuna miaka ishirini na miwili. Yeye hakujali, na katika hili alikuwa na haki. Mgonjwa akishalazwa kwenye chumba cha upasuaji, kafunikwa vitambaa vya kijani, tumbo wazi na fahamu hana, kitambaa kikiwa na tundu hatasema. Aliyemsemea alikuwa mwanamke mmoja aliyesimama juu ya kioo chenye taa.

Mtu hazaliwi anashuku. Mwaka wake wa kwanza pale, robota zima la vitambaa vya upasuaji lilipotea. Yeye ndiye aliyekuwa mgeni, basi mkoba wake ukamwagwa sakafuni mbele ya watu, kitana, leso na yote, akaambiwa akae nyumbani hadi aitwe. Siku ya nne robota lilionekana stoo, mahali alipoliweka msimamizi mwenyewe akasahau. Bi Jicho aliitwa arudi kazini kama vile alikuwa ameaga kwenda harusini. Hakuna aliyesema pole. Kilichomkata maini zaidi ni kwamba mwenzao mmoja alimwona msimamizi akiliweka, na alipoulizwa mbona hukusema, alijibu hakuulizwa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na tangu hapo kila kitu kwa Bi Jicho kilikuwa ung'ongo.

Sasa ndipo akaja Kimya.

Alikuwa mwanamume wa miaka arobaini hivi, mfupi, miwani puani, shati limechomekwa vizuri. Aliletwa na Matroni, mkuu wa usafi wa hospitali nzima, mwanamke aliyevaa magauni yaliyopigwa pasi hata unaogopa kumkaribia usimkunje. Matroni aliwakusanya upande safi akasema madaftari sasa basi. Kila kituo kitapewa simu, na kazi yote itaandikwa kwenye kurasa zitakazofunguliwa humo. Mtaalamu huyu atakaa na kila mmoja wiki nzima aone mikono yake inafanya nini, kisha atamtengenezea ukurasa wake.

"Fanyeni kazi kama kawaida," Matroni alisema. "Msimjali."

Ni nani amewahi kuambiwa asimjali mtu akaacha kumjali? Mtaalamu akavuta kiti cha plastiki, akafungua daftari dogo, akakaa. Hakuongea. Wanawake walimtania wee, wakamwuliza ana wake wangapi, akatabasamu na kuandika. Ndipo Mama Pasi akasema kimya kingi kina mshindo mkuu, na jina likamganda.

Wiki ile ya kwanza alikaa kwa Mama Pasi. Bi Jicho alimtazama kutoka mezani kwake, na kichwani mwake mambo yakaanza kujipanga. Mosi, kulikuwa na maneno kwamba wafanyakazi watapunguzwa, na lisemwalo lipo, kama halipo laja. Pili, mtu asiyeongea anaandika nini? Tatu, wanaume wa upande mchafu wamekuwa wakilalamika kwa Matroni kwamba Bi Jicho anachelewesha kazi, mafundo, mafundo, kila siku mafundo. Akachanganya moja na mbili na tatu, akapata jibu lake: huyu ameletwa kuhesabu mafundo. Akishayahesabu, atampelekea Matroni, na mwanamke wa miaka hamsini na mitatu atamwaga unga miaka miwili kabla ya kiinua mgongo chake.

"Si umwulize tu anaandika nini?" mumewe alisema jioni ile, akimenya chungwa.

"Mwizi huulizwa saa ya kuja?"

"Mke wangu, mimi wezi nimewakamata. Hawaji na kiti cha plastiki."

"Wewe ulilinda geti. Wanaopita getini wana kitambulisho."

Mumewe akala chungwa lake. Alijua mahali pa kuishia.

Basi wiki ya Bi Jicho ilipofika, alimpikia Kimya mpango. Fundo halitaonekana. Shuka bovu likipita juu ya kioo, alilikunja mara nne kama zima na kuliweka chini ya mafungu, amelikariri. Kimya akitoka kwenda kunywa chai, au akienda msalani, haraka haraka alilichomoa na kulitia kwenye kabati la chuma pembeni, akafunga, na ufunguo akautia kifuani. Yalikuwa mengi, kwa sababu wiki hiyo, kama vile walikuwa wamepatana, wodi zilishusha mashuka ya zamani kuliko kawaida. Ilimuuma kuficha kazi aliyokuwa akiifanya waziwazi tangu Kimya yuko shule. Lakini alikaza roho.

Siku ya tano, Kimya alifunga daftari nusu, akafungua mdomo kwa mara ya kwanza.

"Mama, samahani. Mashuka mabovu hayapo?"

Ndiyo haya sasa.

"Mabovu?" alisema. "Hakuna, kaka yangu. Kila kinachonifikia ni kizima."

"Hata moja?"

"Hata moja."

Kimya akaandika. Bi Jicho akamtazama anavyoandika, akajipongeza kimoyomoyo kwamba leo kamnyima mtu chakula alichokuja kukila. Jioni alibaki peke yake, akafungua kabati, akayatoa yale mashuka na kuyafunga mafundo yote kwa pamoja, akayarudisha kwa fundi kupitia mlango wa nyuma. Hakuna tundu hata moja lililopita. Kwa mashuka alikuwa mwaminifu kama siku zote. Aliyedanganywa ni mtu tu.

Baada ya mwezi simu zikaja, kila moja na kamba ya kuning'iniza shingoni. Kimya aliwakusanya akawaeleza kwa sauti yake ya chini. Kioo cha simu ni kidogo, alisema, hakizidi kiganja. Ukirundika vitufe vyote kwenye kila ukurasa, mtu atabonyeza asichotaka. Kwa hiyo kila kituo kina ukurasa wake, na chini ya kila ukurasa kuna mkanda wa vitufe, na kwenye mkanda ameweka vile tu alivyoona vinatumika pale. Anayekosa kitu amwambie, kuongeza ni kazi ya dakika mbili.

Bi Jicho alifungua ukurasa wake. Juu uliandikwa Ukaguzi. Chini, kwenye mkanda, vitufe vitatu: Pokea, Hesabu, Kabidhi. Akasogeza kidole kushoto. Akasogeza kulia. Akaizima simu, akaiwasha. Vitatu.

Kitufe cha kukataa hakikuwapo.

Mtu mwingine angesema, kaka, hapa pamekosekana kitu. Dakika mbili, kama mwenye kazi alivyosema mwenyewe, na leo nisingekuwa na cha kusimulia. Lakini Bi Jicho hakuwa wa kuuliza. Alikuwa wa kupeleleza. Aliisubiri saa ya chai, akasogea hadi kwa Mama Pasi kama anatafuta kijiko, akachungulia simu iliyoning'inia kwenye kifua cha shoga yake. Mkanda wa Mama Pasi ulikuwa na vitufe vinne. Cha nne kilikuwa chekundu, kimeandikwa Rudisha.

"Hicho umepewa lini?" aliuliza.

"Kipi?"

"Hicho chekundu."

"Kilikuwapo tu nilipofungua. Shuka likinijia bichi nalirudisha kukaushwa. Kwani wewe huna?"

"Ninacho," alisema Bi Jicho.

Alirudi mezani kichwa kinachemka. Kwa hiyo kukataa kwake kumehamishwa, kumepewa Mama Pasi, ambaye hajui tundu wala kiraka. Na Mama Pasi, waliyekula naye sahani moja miaka kumi na saba, anasema kilikuwapo tu. Kikulacho ki nguoni mwako. Siku ya pili akabuni jaribio. Alimwomba shoga yake simu kwa kisingizio kwamba yake imeisha chaji, akafungua humo ukurasa wa Ukaguzi. Kitufe chekundu kikatoweka. Akafungua tena wa Pasi, kikarudi. Akafungua wa Ukaguzi, kikatoweka. Alifanya hivyo mara sita, akitikisa kichwa kama daktari. Kumbe si simu, ni ukurasa. Wameulenga ukurasa wake.

Tangu hapo chai yake hakuiacha tena karibu na Mama Pasi. Aliinywa amesimama, imefunikwa kwa kisahani, na Mama Pasi akamwuliza kama anaumwa.

"Akufukuzaye hakwambii toka," alimwambia mumewe. "Kazi inapita, mimi napokea, napokea, sina pa kukataa. Siku shuka bovu likifika kwa daktari, jina lililobonyeza ni la nani?"

"Basi likatae kwa mdomo."

"Mdomo wameufunga, mzee. Wamebakiza kidole."

Mumewe akasema neno ambalo Bi Jicho alilikumbuka baadaye. Alisema katika miaka yake yote getini, aliyemtia hasara kuliko wezi ni mwenye nyumba mmoja aliyemwogopa mlinzi wake mwenyewe, akawa anamficha safari zake. Bi Jicho akamwambia anywe dawa alale.

Hapo ndipo alipofanya kosa la pili, na hili lilikuwa kubwa kuliko la kwanza. Shuka bovu hakuweza kulikataa kwenye simu, na kulipitisha hakuweza, mkono wenyewe ungegoma. Kulirudisha kwa fundi bila kuandikwa aliogopa, maana fundi naye sasa ana simu na ataulizwa limetoka wapi. Basi akabonyeza Pokea kama walivyotaka, kisha akalifunga fundo na kulitia kabatini. Na lingine. Na lingine. Alijiambia anaweka ushahidi. Siku wakimjia, atafungua kabati na kuwaonyesha yale ambayo ukurasa wao ungeyapitisha. Aliyapanga vizuri, vitambaa vya upasuaji juu, mashuka ya wodi chini, na kila siku kabla ya kutoka aliusukuma mlango wa kabati mara mbili.

Kilichoendelea mtu yeyote mwenye akili tulivu angekiona. Kwenye simu ya Matroni, Ukaguzi ulikuwa umepokea mashuka na unayo tayari kwa kukabidhi. Rafuni yalikuwa hayapo. Wiki ya kwanza pengo lilikuwa dogo. Wiki ya tatu, asubuhi moja saa nne, chumba cha upasuaji kiliomba vitambaa, mfumo ukasema vipo arobaini, muuguzi aliyetumwa akakuta kumi na viwili. Mgonjwa alikuwa ameshalazwa mezani. Ilibidi ashushwe, arudishwe wodini, na mama yake aliyezuiwa mlangoni, akilia kwa woga, akaanza kulia upya asijue kwa nini.

Matroni hakutuma mtu. Alikuja mwenyewe, na nyuma yake Kimya, simu mkononi. Mashine ya pasi ikazimwa. Ikizimwa mashine ile, jengo lote husikia.

"Bi Jicho," alisema Matroni, "vitambaa ishirini na nane viko wapi?"

"Viko hapa."

"Hapa wapi?"

Bi Jicho alitoa ufunguo kifuani, akafungua kabati. Mashuka yalikuwa yamejaa hadi juu, na lilipofunguka mawili yakaanguka miguuni mwa Matroni. Upande safi mzima ukashusha pumzi. Bi Jicho aliisikia ile pumzi, na akaijua. Ni ile ile iliyoshushwa mkoba wake ulipomwagwa sakafuni. Walikuwa wanaona mwanamke, kabati lililofungwa, na mali ya hospitali ndani.

"Sikuiba!" alisema, na sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Kila moja lina fundo. Kila moja ni bovu, litandazeni kwenye kioo mwone. Mwulizeni huyu!" Akamnyooshea Kimya kidole. "Kaninyang'anya kukataa. Kawawekea wenzangu, mimi akaniondolea, ili mabovu yapite kwa jina langu. Mnanitafutia sababu tangu mwezi ule, mnadhani sioni?"

Matroni aliokota kitambaa kimoja, akakitandaza juu ya meza, akawasha taa. Matundu matatu yakawaka. Akatandaza cha pili. Kisha akageuka taratibu.

"Mtaalamu. Mkaguzi wangu hana kitufe cha kukataa?"

"Hana," alisema Kimya.

"Mkaguzi! Kazi ya mkaguzi ni nini kama si kukataa? Ulimwekea ukurasa kwa kubahatisha? Leo mgonjwa ameshushwa mezani. Kipindi chako cha majaribio kinaisha Ijumaa, na nikiona umewapangia watu wangu kazi ukiwa umekaa ofisini, hata Ijumaa hatutafika."

Kimya alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akatoa lile daftari dogo.

"Nilikaa hapa siku tano," alisema. "Jumatatu, kupokea, kukunja, kukabidhi. Kukataa, hakuna. Jumanne, hakuna. Jumatano, hakuna. Nilishangaa. Ijumaa nikamwuliza mama kama mabovu hayapo. Akasema hata moja. Nikaona nikimwekea kitufe asichokitumia, kitambana tu nafasi kwenye mkanda."

Matroni akamtazama Bi Jicho. Watu wote wakamtazama.

Na hapo, kabla hajafungua mdomo, sauti ikatoka nyuma.

"Mwongo!" alisema Mama Pasi. Alikuwa amesogea hadi kando ya shoga yake, mikono kiunoni, jasho la mashine bado linamtiririka. "Siku tano gani? Matroni, mtu huyu alikuwa akisinzia kwenye kiti. Mimi niko hapa, hatua nne. Bi Jicho alikuwa anakataa kama kawaida, mafundo yanaruka, na huyu kichwa kimelala. Hajamwuliza kitu. Niapishe!"

Hakuna neno la kweli hata moja katika hayo, na Mama Pasi alilijua hilo. Aliyasema kwa sababu shoga yake alikuwa amesimama mbele ya kabati wazi na watu wameshusha pumzi. Bi Jicho akakumbuka chai aliyoifunika kwa kisahani, na aibu ikampanda kutoka miguuni.

Njia ilikuwa wazi mbele yake. Wawili dhidi ya mmoja, na yule mmoja ni mgeni asiye na ndugu pale. Angesema tu, ndivyo, na angetoka safi, kazi yake, kiinua mgongo chake, jina lake. Kimya angekusanya daftari lake akaenda. Alimtazama. Kimya hakuwa akimtazama Matroni wala Mama Pasi. Alikuwa anamtazama yeye, amesimama na daftari wazi mkononi. Bi Jicho alikijua kile kitu usoni mwake kama anavyoijua mikono yake. Ni uso wa mtu anayejua ukweli na anaona hautamsaidia.

Akapiga moyo konde.

"Shoga, nyamaza," alisema. "Hakusinzia. Aliniuliza, nami nikamdanganya."

"Bi Jicho..."

"Nyamaza, nakuomba." Akamgeukia Matroni. "Siku zote tano nilikuwa naficha mabovu. Akitoka, nayatia kabatini. Nilidhani ananihesabia mafundo mje mnifukuze. Hayo aliyoandika ndiyo aliyoyaona, na aliyoyaona ndiyo niliyomwonyesha. Kitufe nilikiondoa mimi mwenyewe."

Hakuna aliyecheka, ingawa kwa jinsi ilivyokuwa, palikuwa na cha kuchekesha. Matroni alizima taa ya meza. Alikikunja kile kitambaa kibovu, vizuri, mara nne, kana kwamba kinakwenda chumba cha upasuaji.

"Tangu nije hapa," alisema, "shuka likishapita kwako sikuwa naliangalia. Madaktari walikuwa wakiniuliza, nawaambia limepita kwa Bi Jicho, basi." Akakiweka mezani. "Uliniogopa mimi? Mimi nisiyewahi kukukagua?"

Bi Jicho alilia, na hakuufunika uso.

Hakufukuzwa. Alipewa barua ya onyo ya aya mbili, akaisaini mbele ya watu. Kwa Mama Pasi alikwenda mwenyewe jioni ile, akamweleza yote, chai na kisahani na ile simu aliyoazima. Mama Pasi alisikiliza hadi mwisho.

"Mimi? Kwa kitufe?" alisema. Akacheka kicheko chake, lakini kikakatika katikati, na kwa siku tatu alimwamkia tu, basi. Siku ya nne akamletea kikombe cha chai, akakiweka mezani, akasimama pale pale hadi Bi Jicho alipokinywa.

Jumatatu iliyofuata Kimya alikuja na simu. "Tayari, mama," alisema. Bi Jicho alifungua ukurasa wa Ukaguzi, na pale chini kwenye mkanda, cha mwisho kulia, kilikuwapo: Kataa. Chekundu. Alifurahi, tusiseme uongo, alifurahi kama mtoto. Akavuta shuka la kwanza juu ya kioo, akakuta mpasuko karibu na pindo, akafunga fundo, akabonyeza.

Kamera ikafunguka.

"Hii nini?"

Kimya alijikuna shingo. "Ni agizo la Matroni, mama. Kila ukikataa, kwanza upige picha ya ubovu wenyewe. Bila picha haikubali."

"Na kwa Mama Pasi? Akirudisha, anapiga picha?"

"Hapana."

"Fundi wa kushona?"

"Hapana, mama. Ni ukurasa wako tu."

Bi Jicho alisimama na simu mkononi. Miaka ishirini na miwili fundo lake halikuwa na rufaa, na sasa kila tundu litahitaji shahidi. Alimwangalia Kimya usoni, kwa ile tabia yake ya kutafuta nani anacheka kichinichini, na hakuona anayecheka. Mtu yule alikuwa na huruma, na hilo lilikuwa zito kuliko kicheko.

"Naweza kumwomba aiondoe baada ya miezi michache," Kimya alisema. "Akishaona."

"Usimwombe," alisema Bi Jicho. "Ningekuwa yeye, ningeiweka mimi."

Akalivuta shuka, akaunyoosha mpasuko juu ya taa kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili, usiozoea, akapiga picha. Ya kwanza ilitoka na kidole. Akapiga tena.

"Imekubali?" aliuliza.

"Imekubali, mama."

Akavuta shuka lingine.